Injini za kasi za Kijapani na za Kijerumani: akiba ya nguvu iko upande gani?

#1 Kibokoni86
Salamu kwenu wote. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye karakana moja ya Tononoka, hapa Mombasa, tangu asubuhi hadi adhuhuri, na juu ya meza ya chuma kulikuwa na bloku mbili (chuma kikuu cha injini chenye silinda) zilizovuliwa kila kitu na kuoshwa kwa dizeli zikawa safi kama sahani. Moja ni 2JZ-GTE ya Toyota Supra, nyingine ni S54 ya BMW M3 ya kizazi cha E46. Zote ni za silinda 6 zilizopangwa kwa mstari, na ujazo wao unakaribiana: ya Toyota ni sentimita za ujazo 2,997 na ya BMW ni 3,246.

Nilichokiona ni hiki. Kwenye ile ya BMW, ukuta unaotenga silinda moja na jirani yake ni mwembamba kiasi kwamba unajiuliza moto umezuiwaje usivuke. Fundi aliniambia ni milimita 4, kwa sababu silinda ina kipenyo cha milimita 87, na kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 91. Kwenye ile ya Toyota ukuta huo ni mnene, na mtu hahitaji kipimo kuujua unene wake.

Hoja yangu ni kwamba Wajapani waliacha akiba ndani ya chuma, na Wajerumani waliitumia akiba yote kiwandani wakamkabidhi mteja nguvu zote siku ya kwanza. Ndiyo maana 2JZ hufungwa turbo kubwa (pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi) ikafika nguvu za farasi 600 na zaidi kwa krenki na konrodi zake za kiwandani, yaani mhimili unaozunguka na mikono inayoshika pistoni, jambo ambalo sijaona mtu akilijaribu kwa S54 bila ya kubadilisha vya ndani. Anayepinga na apinge kwa sababu.

#2 Fundi_Tononoka
Ni kweli, meza ni yangu na bloku zilikuwa kwangu. Lakini Kibokoni, umesahau jambo nililokwambia tukiwa tumesimama palepale. 2JZ-GTE ilizaliwa na turbo, mgandamizo wake (kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda) ni 8.5 kwa 1. S54 haina turbo, inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na mgandamizo wake ni 11.5 kwa 1. Ukiisukumia hewa ya ziada injini ambayo tayari inabana kiasi hicho, mafuta yatawaka kabla ya wakati na pistoni itagongwa kwa juu. Hilo ni suala la kazi ambayo kila moja ilitengenezewa, wala taifa halimo. Ukitaka kulinganisha kwa haki, weka 2JZ karibu na N54 ya BMW ya mwaka 2006, ambayo nayo ni ya lita 3 na ina turbo mbili.

#3 Bi_Mekanika
Naomba kuongeza hesabu, kwa sababu bila hesabu tutazunguka papo hapo. Ukitaka kujua injini imesukumwa kiasi gani, tazama mwendo wa wastani wa pistoni ikiwa kwenye mizunguko yake ya mwisho. Unachukua urefu wa safari ya pistoni, unauzidisha mara mbili, kisha unazidisha kwa mizunguko ya sekunde moja.

Pistoni ya 2JZ husafiri milimita 86, na mstari mwekundu (kikomo cha mizunguko) uko kwenye mizunguko 6,800 kwa dakika. Jawabu ni mita 19.5 kwa sekunde. Ya S54 husafiri milimita 91 na mstari uko kwenye 8,000, kwa hivyo ni mita 24.3 kwa sekunde. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana nguvu inayoivuta konrodi huongezeka kwa kipeo cha pili cha mizunguko.

Mpaka hapo Kibokoni amepata shahidi. Lakini sasa chukua F20C ya Honda S2000 ya mwaka 1999, ambayo pistoni yake husafiri milimita 84 na mstari uko kwenye 9,000. Jawabu ni mita 25.2 kwa sekunde. Injini ya Kijapani imeipita ya Kijerumani kwa kusukumwa, na ilitoa farasi 250 kwa lita 2 bila ya turbo kwenye soko la Japani. Akiba iliyoachwa hapo iko wapi?

#4 Kibokoni86
Ahsante Bi Mekanika. Honda nakubali kwamba ni mlango mwingine. Hata hivyo Toyota na Nissan ndio waliojenga sifa hii tunayoizungumzia, na RB26DETT ya Skyline GT-R nayo ni ya chuma cha kusubu kama 2JZ. Wajapani walitumia chuma, Wajerumani wakakimbilia alumini ili gari liwe jepesi.

#5 Changamwe_Turbo
Hapo umeteleza ndugu yangu. S54 uliyoisimamia mezani ni ya chuma cha kusubu, uliza fundi. Na kwa Wajapani, EJ20 ya Subaru ni alumini, F20C ni alumini, na VR38DETT ya Nissan GT-R ya mwaka 2007 ni alumini ambayo silinda zake hazina hata mikebe ya chuma, zimepuliziwa tabaka jembamba la chuma kwa plazima. 4G63 ya Mitsubishi ndiyo iliyobaki na chuma hadi Lancer Evolution IX, kisha Evolution X ikaja na 4B11 ya alumini.

#6 Fundi_Tononoka
Sahihi. S54 ni chuma. Nilipoinyanyua na kijana wangu tulipumzika mara mbili kutoka mlangoni hadi mezani.

#7 MzeeSafari
Wanangu, mnapima kuta za silinda lakini hamjauliza kwa nini zilijengwa hivyo. Mwaka 1989 makampuni ya magari ya Japani yalipatana kiungwana kwamba gari lolote la kuuzwa nyumbani kwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya farasi 280. Mapatano hayo hayakuwazuia wahandisi kujenga injini inayoweza zaidi ya hapo. Kwa hivyo akajengwa fahali, akafungwa kamba ya mbuzi. Supra hiyohiyo ya kwao ya 280 iliuzwa Marekani ikiwa na farasi 320. Akiba anayoisema Kibokoni ilitokana na mapatano ya kibiashara, wala hakuna siri ya uhunzi ndani yake.

#8 KaraniBandarini
Mzee wangu shikamoo. Nakuunga mkono, ila tuweke vipimo sawa: 280 hiyo ni kwa kipimo cha PS, ambacho kwa farasi za Kiingereza ni 276, ndiyo maana mtu huona tarakimu mbili kwenye maandishi tofauti akadhani moja ni ya uongo. Mapatano yaliisha mwaka 2004, Honda ilipotoa Legend yenye 300.

Na Wajerumani nao walijifunga kamba yao. BMW, Mercedes-Benz na Audi walikubaliana kuyazuia magari yao yasipite kilomita 250 kwa saa. Porsche hakuingia. Tazameni tofauti iliyopo: Mjapani alizuia nguvu, Mjerumani alizuia mwendo. Aliyezuia mwendo hakuwa na sababu ya kuificha nguvu, kwa hivyo aliiweka wazi kwenye karatasi.

#9 MjaMiritini
Mimi naiona barabara ndiyo iliyojenga injini. Ujerumani kuna sehemu za autobahn (barabara zao kuu) ambazo hazina kikomo cha mwendo mpaka leo, na mtu anaweza kukanyaga mpaka mwisho kwa nusu saa nzima, hewa baridi ikipita kwenye rejeta kwa nguvu. Injini iliyotengenezwa kwa maisha hayo hupewa upozaji unaotegemea mwendo. Japani barabara kuu kwa miaka mingi kikomo kilikuwa kilomita 100 kwa saa, na miji yao ni foleni juu ya foleni, kwa hivyo injini yao ilibidi istahimili kusimama.

Sasa sisi tunaishi wapi? Nenda foleni ya feri Likoni saa kumi na moja jioni mwezi wa Februari, kiyoyozi kimewashwa, jua linakupiga ubavuni na gari mbele yako halisongi. Hiyo si autobahn.

#10 Sitini_na_Nne
Nashukuru kwa uzi huu. Nitatoa kisa changu bila ya kutaja jina la gari, isipokuwa kwamba ni la Kijerumani, lina silinda 6 na turbo. Foleni ileile ya Likoni anayoisema MjaMiritini, mshale wa joto haukupanda hata kidogo, kisha nikasikia mlio mdogo kama wa chupa ya soda inayofunguliwa, na moshi mweupe wenye harufu ya sukari ukatoka chini ya boneti. Tangi la plastiki la maji ya kupozea lilikuwa limechanika pembeni, ufa mrefu wa kidole. Nilipoligusa baadaye, plastiki ilikuwa imekuwa kama biskuti, inavunjika kwa kucha. Injini yenyewe ilikuwa nzima kabisa, na hadi leo inakwenda.

Kwa hivyo nauliza: tunaposema injini ya Kijerumani haistahimili joto letu, tunaisema injini au tunayasema mabomba, pampu na matangi yanayoizunguka?

#11 Fundi_Tononoka
Swali zuri sana. Katika kumi zinazoletwa kwangu zikisemwa injini imenoki, nyingi chanzo hakikuwa injini. Maji yalivuja polepole, mwenyewe akaendelea kuongeza maji ya mfereji, chumvi ikaganda ndani, silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ikapinda, gasketi ikakata. Chuma kikilaumiwa, plastiki imeshatupwa jaani zamani.

#12 KaraniBandarini
Kuna jambo hamjaligusa, nami naliona kila meli ya magari inaposhusha Kilindini. Sheria yetu hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mengi hutoka Japani, ambako gari hupitishwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3 ya kwanza na kisha kila miaka 2. Mwenye gari huona gharama za ukaguzi zinapanda, akaliuza likiwa bado zima. Hata gari la Kijerumani lililotoka Japani limepita mkondo huohuo, na linakuja likiwa na usukani wa kulia.

Kwa hivyo tunachokilinganisha hapa Mombasa ni magari yaliyotunzwa na Wajapani, yawe ya Toyota au ya BMW. Tofauti huanza yakishafika mikononi mwetu, kwa sababu vipuri vya Toyota viko kila kona ya Mwembe Tayari, na vya Kijerumani mtu husubiri au hununua cha bandia.

#13 Changamwe_Turbo
Karani amesema kweli nusu. Injini kama 2JZ na RB26 haziingii zikiwa ndani ya gari, maana magari yake ya miaka ya 1990 hayaruhusiwi tena. Zinaingia zikiwa injini tupu zilizotumika, na historia yake hakuna aijuaye. Bado zinafanya kazi. Hapo matunzo ya Wajapani huwezi kuyathibitisha, na chuma kinene kinarudi kwenye hoja.

#14 Bi_Mekanika
Kaka Changamwe, injini zilizokufa hazikupandishwa melini. Unaziona zilizobaki pekee, kisha unasema zote zilikuwa ngumu.

#15 Changamwe_Turbo
Nimekubali, hilo sikulifikiria.

#16 Saidi_wa_Oili
Mimi kazi yangu ni oili na nimesikitika kuona maelezo yote haya bila ya neno hilo. Ujerumani kuna magari ya Volkswagen yaliyopangiwa kubadilishwa oili baada ya hadi kilomita 30,000, kwa oili maalumu na barabara maalumu. Mtu wa hapa anasoma kitabu hicho na kukifuata, huku akiendesha kutoka Bamburi hadi mjini kwa safari fupi za kusimamasimama, joto la bandari, na pengine oili ya dukani isiyojulikana. Baada ya miaka miwili ukifungua kifuniko cha tepeti unakuta lami. Mwenye gari la Kijapani amefundishwa na babake kwamba ni kilomita 5,000, hana kitabu, na injini yake inaishi.

Na hiyo S54 iliyozua maneno, kiwanda kinaitaka oili ya 10W-60. Nimeona kwa macho yangu ikitiwa ile ya lori. Bering za konrodi za injini inayofika mizunguko 8,000 hazisamehe jambo hilo. BMW wenyewe waliwahi kuziita M3 za mwanzo zirudi ili bering hizo zibadilishwe, kwa hivyo udhaifu ulikuwepo tangu kwao, sisi tumeuongezea.

#17 MzeeSafari
Wanangu, nami nirudi kwenye jambo nililoliona kwa macho. Safari Rally ndiyo mizani ya nchi yetu. Joginder Singh alishinda na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda na Datsun miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Toyota Celica wakaja kuitawala miaka ya 1990. Porsche, pamoja na ufundi wake wote na kujaribu miaka mingi, aliishia nafasi ya pili zaidi ya mara moja na hakuwahi kuibeba. Vumbi, mawe na joto viliamua.

#18 KaraniBandarini
Mzee wangu, kwa heshima, hukumalizia kurasa. Mercedes-Benz walishinda 1959, 1960 na 1961, Volkswagen wa mgongo wa kobe walikuwa washindi kabla yao, na Audi waliibeba mwaka 1987 kwa Hannu Mikkola. Tena wengi walioshindwa Safari walivunjika springi na ekseli, injini ikiwa bado inanguruma.

#19 MzeeSafari
Umenikumbusha vyema, mwanangu. Wale Mercedes niliwasahau kwa kuwa nilikuwa mdogo mno. Ila neno langu kuhusu Porsche liko palepale.

#20 NahodhaMtwapa
Mimi ni mtu wa boti, gari langu ni dogo la kawaida, lakini nina la kusema. Injini tunazofunga nyuma ya boti zetu pwani yote hii ni Yamaha, na mvuvi anaiamini kuliko ndugu yake, maana ikizima nje ya mwamba wimbi halimngojei. Watu wachache wanajua kwamba Yamaha haohao ndio waliosaidiana na Toyota kutengeneza injini ya 2000GT mwaka 1967, kisha silinda hedi ya injini za Toyota za 4A-GE na 3S-GE. Kampuni iliyozoea kutengeneza injini ndogo za pikipiki na boti, zinazozunguka kwa kasi mchana kutwa katika maji ya chumvi, ililipa gari ujuzi huo. Honda naye alianza na pikipiki. BMW pia ana pikipiki, najua, lakini kwao hazikuwa msingi wa nyumba kama ilivyo kwa Honda. Nadhani wepesi wa kuzunguka bila ya kuvunjika ulitoka huko.

#21 MjaMiritini
Nahodha, hili sikulijua na nimefurahi. Kumbe 4A-GE ya binamu yangu na injini ya boti yako ni ndugu wa ziwa moja!

#22 Mpenda_Evo
Mnaposifu Wajerumani kwa kukamua nguvu, kumbukeni kwamba Mercedes-AMG walipotoa M139 mwaka 2019, lita 2 na farasi 421, dunia ilishangaa. Mitsubishi walikuwa na Lancer Evolution FQ-400 yenye farasi 405 kutoka lita 2 za 4G63, miaka 15 nyuma.

#23 Fundi_Tononoka
FQ-400 haikutoka hivyo kwenye kiwanda cha Japani, iliandaliwa Uingereza kwa kubadilishiwa vitu vingi, tena kwa idadi ndogo. M139 hujengwa Affalterbach na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka saini yake juu, na mteja anapewa dhamana ya kawaida. Nguvu ya kuandaliwa na nguvu yenye dhamana si kitu kimoja. Hata hivyo nakupa haki yako kuhusu bloku: 4G63 ilizaliwa mapema miaka ya 1980, na ilibeba mzigo ule bila ya kulia.

#24 Nairobi_kwa_Kazi
Mimi hupanda na kushuka barabara ya Nairobi mara mbili kwa mwezi, kilomita 480 hivi, na naleta jambo la hewa. Tokea Mazeras unaanza kupanda, na ukifika Nairobi uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa imepungua uzito kwa takriban moja ya kumi kila mita 1,000, kwa hivyo injini isiyo na turbo yenye farasi 343 pwani, huko juu hubaki na karibu 290. Yenye turbo hujizungushia haraka zaidi ikafidia sehemu kubwa. Basi mtu wa Mombasa na mtu wa Nairobi wakilinganisha S54 na 2JZ, kila mmoja atasema kweli yake na hawatasikizana. Nimelipima hili kwa mguu wangu mwenyewe: gari langu lisilo na turbo hunilazimisha kushusha gia mlimani kabla ya Machakos Junction, na kurudi chini Mariakani linakuwa kama limebadilishwa.

#25 Changamwe_Turbo
Na petroli je? Japani wana petroli ya kawaida ya oktani (uwezo wa petroli kubanwa bila ya kuwaka kabla ya wakati) 90 hivi, na ile wanayoiita hai-oku inayofika 98 hadi 100. Magari yao ya kasi yote yalipimwa kwa hiyo ya pili. Ujerumani wana 95 na 98. Sisi tunatia iliyopo pampuni. Injini yenye mgandamizo wa 11.5 huisikia tofauti hiyo upesi, kompyuta inachelewesha cheche ya plagi na nguvu inapotea kimyakimya. Ya 8.5 haisikii sana mpaka turbo ianze kusukuma.

#26 Mpenda_Evo
Kama injini za Kijapani ni bora hivyo, nani atanieleza kwa nini Supra mpya ya mwaka 2019 ina B58 ya BMW ndani yake, na iliunganishwa Graz, Austria?

#27 Bi_Mekanika
Kwa sababu injini ya silinda 6 za mstari ni ghali kuitengeneza upya kwa gari linalouzwa kidogo, na BMW hawakuwahi kuiacha. Jambo la kutazamwa ni kwamba B58, tofauti na N54 kabla yake, ina bloku ambayo juu imefungwa kuzunguka silinda, na wanaoziongezea nguvu wanaisifu kwa maneno yaleyale yaliyosemwa juu ya 2JZ. Mjerumani amerudi kuacha akiba, na Toyota nao wakajenga ya silinda 3 ya lita 1.6 kwa GR Yaris mwaka 2020, yenye farasi 272, ambayo imekamuliwa vilivyo. Wamebadilishana viti.

#28 KaraniBandarini
Kubadilishana hakukuanza jana. Porsche ilipokuwa karibu kufilisika mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliwaita washauri wa Kijapani waliotoka Toyota waje kuwafundisha kupanga kiwanda. Na Nissan waliipeleka Skyline R32 kwenye njia ya mashindano ya Nürburgring, Ujerumani, kuipima kabla ya kuiuza. Wao wenyewe walisomana, sisi ndio tunaogombana.

#29 Kibokoni86
Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Kuhusu chuma na alumini nilikosea na nimesahihishwa. Kuhusu Honda sina jibu. Lakini Bi Mekanika, B58 yako inanipa nguvu: umekiri mwenyewe kwamba akiba ni kitu halisi kinachoweza kuwekwa au kuondolewa, na kwamba miaka ya 1990 ilikuwa upande wa Toyota na Nissan. Mzee anasema ni mapatano ya farasi 280, MjaMiritini anasema ni foleni, Nahodha anasema ni pikipiki na boti. Mimi bado naamini kuta zile nilizoziona.

#30 Bi_Mekanika
Basi tuzipime, tusiishie kuziona. Fundi, ukipata nafasi weka kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwenye ukuta wa 2JZ kati ya silinda ya tatu na ya nne, kisha kwenye S54 mahali hapohapo, upande wa juu na upande wa chini wa bloku. Tupe tarakimu nne.

#31 Fundi_Tononoka
Ya Toyota nitaipima Jumatatu asubuhi kabla haijafungwa krenki. Ya BMW mwenyewe alikuja jana alasiri na pikapu, ameipeleka kuchongwa silinda, na ikirudi kuta zake hazitakuwa zile alizoziona Kibokoni.

#32 Kibokoni86
Fundi, mwenyewe nina namba yake. Nampigia sasa hivi asimame.